Vyeti vya kuanzia kwa programa wa meinifremu: kipi uanze nacho, kipi kisubiri

Ukitafuta mtandaoni cheti cha COBOL, lugha ya programu inayotumika sana kwenye meinifremu (kompyuta kubwa za benki na serikali), utaletewa mchanganyiko: beji za bure, kozi za kulipia kila mwezi, programu za chuo kikuu, mitihani ya kusimamiwa, hadi uanagenzi wa kulipwa mshahara. Vyote vinajitangaza kuwa ni vya wanaoanza, na vingi vina jina la IBM mahali fulani. Ila havifanyi kazi moja. Kimoja kinakupa mashine ya kufanyia mazoezi, kingine kinakupa karatasi, kingine kinakupa ajira kabisa. Kabla hujatoa pesa, jiulize wewe umepungukiwa na kipi kati ya hivyo vitatu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema, ili usome yaliyobaki ukijua naegemea wapi: kwa mtu anayeanza sifuri, njia inayomwingiza kwenye z/OS halisi (mfumo endeshi wa meinifremu za IBM), hata kama beji yake ni ndogo, naithamini kuliko cheti kikubwa cha kutazama video. Yapo mazingira ambapo hilo si kweli, nayo nitayataja.

## Kazi yenyewe inadai nini

Meinifremu tunazozungumzia zinatokana na System/360 ambayo IBM iliitangaza Aprili 7, 1964. Toleo la sasa ni z17, lililotangazwa Aprili 2025. Kati ya hizo mbili yamepita miaka zaidi ya 60, na sehemu kubwa ya biashara ya mashine hizi imejengwa juu ya ahadi moja, kwamba programu ya zamani itaendelea kuendeshwa kwenye mashine mpya. Ndiyo maana benki, makampuni ya bima na serikali za Marekani na Ulaya bado zina mamilioni ya mistari ya COBOL, lugha iliyoanza kuundwa mwaka 1959. Shirika la Hifadhi ya Jamii la Marekani peke yake limekuwa likitajwa kuwa na mistari takriban milioni 60.

Kwa hiyo programa mpya mara nyingi haajiriwi aandike kitu kipya. Anaajiriwa asome cha zamani, abadilishe mistari michache, kisha athibitishe kwamba hakuna kingine kilichoharibika. Ukilielewa hilo, unaanza kuvitazama vyeti kwa jicho jingine.

Tutenganishe pia kazi mbili ambazo watangazaji wa kozi huzichanganya. Kuna anayeusimamia mfumo: anasakinisha z/OS, anapanga usalama kwenye RACF, anaangalia diski na utendaji wa mashine. Na kuna anayeandika na kutunza programu tumizi, zile zinazokokotoa riba au kulipa madai ya bima. Hapa nazungumza na huyu wa pili. Anachotakiwa kujua mwanzoni ni kutembea ndani ya TSO na ISPF (skrini za kuingilia na kufanyia kazi), kuelewa dataseti na PDS (mafaili ya z/OS na makundi yake), kuandika JCL (maelekezo ya kuendesha jobu, yaani kazi unayoituma kwa mashine) na kusoma matokeo kwenye SDSF, kisha COBOL yenyewe, mafaili ya VSAM, SQL ya Db2 (hifadhidata ya IBM) iliyopachikwa ndani ya COBOL, na CICS kwa miamala ya papo kwa papo. Siku hizi ongeza VS Code (kihariri cha msimbo), Zowe (zana za kuifikia z/OS kutoka kwenye kompyuta yako) na Git (ya kutunza matoleo ya msimbo), kwa sababu timu nyingi zimeanza kuachana na skrini ya kijani kwa kazi ya kuandika, ingawa ISPF haijaenda popote.

Nikuonyeshe mfano mmoja wa kinachotenganisha aliyesoma na aliyefanya. Chukua uga huu:

`05 WS-KIASI PIC S9(5)V99 COMP-3.`

Tarakimu saba pamoja na alama ya chanya au hasi, zimefungwa ndani ya baiti nne. Sasa programa fulani, zamani, aliamua kusafisha rekodi nzima kwa `MOVE SPACES` kwenye kundi la juu. Ndani ya EBCDIC, mfumo wa herufi wa meinifremu, nafasi tupu ni X'40', kwa hiyo uga wetu sasa umebeba X'40404040'. Hakuna kinacholalamika hapo. Inakuja `ADD` mistari 300 mbele, mashine inatazama nusu ya mwisho ya baiti ya mwisho ikitegemea kukuta alama, kama C, D au F, inakuta sifuri, na jobu inaanguka kwa S0C7, msimbo wa kosa la data. Kwenye ripoti ya anguko unapata anwani tu. Ni juu yako kuichukua anwani hiyo, kuilinganisha na orodha iliyotolewa na kompaila, kuufikia mstari wa `ADD`, halafu kurudi nyuma hadi kwenye ile `MOVE` iliyofanya uharibifu.

Msaili mwenye uzoefu akikuuliza "S0C7 ni nini?", jibu la "data si sahihi" analijua kila mtu. Anasubiri usikike ukieleza unavyoitafuta. Na hilo unalipata kwa kuangusha jobu zako mwenyewe, siyo kwa kutazama mwingine akiangusha zake.

## Kwa ufupi, upande kwa upande

| Njia | Gharama | Unaingia kwenye z/OS? | Inachofanya vizuri | Inapopungua |
|---|---|---|---|---|
| IBM Z Xplore | Bure | Ndiyo | Dataseti, JCL, USS (Unix ndani ya z/OS), Zowe, kuzoea mashine | COBOL haiendi mbali, CICS ni kidogo |
| Kozi ya COBOL ya Open Mainframe Project | Bure | Ndiyo, ukishasajiliwa maabara | COBOL ya kusoma na kuandika, Db2 | Lazima ujisukume mwenyewe |
| Cheti cha IBM cha programa wa meinifremu, Coursera | Malipo ya kila mwezi | Kwa maabara za kozi | Mpangilio, cheti kinachosomeka kwenye CV | Rahisi kumaliza bila kujua |
| Marist, Poughkeepsie | Ada ya chuo cha Marekani | Ndiyo | Mwalimu, alama, jina linalojulikana kwenye fani | Bei |
| Mtihani rasmi wa IBM | Takriban dola 200 kwa mtihani | Hapana, ni mtihani tu | Uthibitisho kwa aliye kazini | Si wa anayeanza |
| Uanagenzi | Unalipwa wewe | Ndiyo, na ni mashine ya mwajiri | Kila kitu | Kibali cha kazi, ushindani, kuhama |

Jedwali linasema ukweli ila halisemi uzito. Mistari miwili ya juu ndiyo itakayowahusu wasomaji wengi, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

## Z Xplore na kozi ya COBOL: za bure, lakini si pacha

IBM ilikuwa na shindano la wanafunzi lililoitwa Master the Mainframe, lililoanza 2005. Mwaka 2021 nafasi yake ikachukuliwa na IBM Z Xplore, ambayo haina msimu. Unajisajili kwa barua pepe, unapewa jina la mtumiaji linaloanza na Z, unasakinisha VS Code na kiendelezi cha Zowe Explorer, unaunganishwa na mfumo wa z/OS unaoendeshwa kweli. Kuanzia hapo unapewa changamoto moja baada ya nyingine. Unaitatua, kisha unatuma jobu ya kukusahihisha. Kama umekosea, inakukatalia.

Hicho kipengele cha kukataliwa na mashine ndicho ninachokipenda. Hubishani na mtu wala huchagui jibu kati ya manne. Umeandika `DSN` (jina la dataseti) vibaya, jobu inarudi na kosa la JCL, unafungua matokeo, unasoma hadi uone. Ukimaliza ngazi ya Concepts unapata beji, ukiendelea unapata ya Advanced. Beji zinakaa Credly, tovuti ya beji za kidijitali, na mwajiri akibofya kiungo anaona imetolewa lini na kwa kufanya nini.

Udhaifu wake ni kwamba imejengwa kumwonjesha mtu kila kitu: JCL kidogo, Unix upande wa USS, Python, REXX, COBOL kiasi. Ukimaliza utakuwa umezoea mashine kuliko wengi wa rika lako, lakini mtu akikuwekea programu ya COBOL ya mistari 4,000 utabaki umetoa macho.

Pengo hilo linazibwa na kozi ya COBOL ya Open Mainframe Project, iliyo chini ya Linux Foundation. Ilitoka Aprili 2020, katika wiki zile ambazo gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alisimama hadharani kuomba watu wanaojua COBOL, baada ya janga la Uviko kuleta mafuriko ya maombi ya mafao ya waliopoteza kazi. Iko GitHub, ni kitabu pamoja na maabara, inatumia VS Code vilevile. Inaanza na muundo wa migawanyo minne ya COBOL, inapita kwenye `PIC`, mafaili, `PERFORM`, masharti, halafu sehemu ya mada za juu inaingia Db2, na kuna sehemu ya kupima programu.

Hapa hakuna anayekukumbusha. Hakuna pointi wala ngazi za kupanda. Ukiacha wiki tatu, hakuna barua pepe ya kukubembeleza. Kwa watu wa aina fulani hilo linaua kozi nzima, na ni heri ujijue mapema. Ila kwa kina cha COBOL, kati ya za bure sijaona ya kuishinda, na ina faida moja ya ziada: iko wazi, hivyo unaweza kurekebisha kosa ulilokuta kwenye kitabu na kutuma mabadiliko yako. Badiliko likipokelewa, jina lako linabaki pale kwenye historia ya mradi. Mimi nikimsaili mtu, hilo ningeliuliza kabla ya beji.

Nikilazimishwa kuchagua moja ya kuanza nayo, ni Z Xplore hadi Concepts, kisha unahamia kozi ya COBOL, kisha ukipenda unarudi kumalizia Advanced. Ukianza na COBOL bila kujua dataseti na JCL utaandika programu nzuri usiyojua kuiendesha. Mfano mdogo tu wa JCL:

`//HATUA2 EXEC PGM=RIPOTI,COND=(4,LT)`

Anayetoka lugha nyingine anausoma mstari huu kama "endesha ikiwa". Kumbe `COND` inaeleza wakati wa *kuruka* hatua: ikiwa 4 ni ndogo kuliko msimbo wa kurejea wa hatua yoyote iliyotangulia, usiiendeshe hii. Maana yake hatua ya kwanza ikimaliza kwa 0 au 4, ripoti inatoka. Ikimaliza kwa 8, hatua hii inarukwa na ripoti haitoki. Swali hili halipitwi na usaili, na watu wenye vyeti vikubwa hulikosa kila siku.

## Coursera au Marist: ukiamua kulipa

Coursera ina vyeti viwili vya IBM ambavyo majina yake yanapoteza watu. Kimoja ni cha programa wa meinifremu, kingine ni cha mtendaji wa z/OS. Hicho cha pili kinaegemea usimamizi wa mfumo. Si kibaya, ila ukiwa unataka kuandika COBOL utajikuta umelipa miezi kadhaa ukijifunza kazi ya mwenzako. Fungua orodha ya kozi zilizomo kabla ya kubofya kujiunga. Usitazame jina la juu tu.

Cheti cha programa kina mpangilio mzuri. Mtu aliyekata tamaa na kozi ya GitHub kwa sababu haina wa kumwongoza atapumua hapa: video fupi, jaribio, zoezi, unasonga. Pia kinasomeka vizuri kwa ofisa rasilimali watu ambaye hajui Zowe ni mdudu gani, maana anaijua Coursera na anaijua IBM. Usidharau hilo. CV nyingi huanza kuchujwa na mtu asiye programa.

Kinachonipa wasiwasi ni urahisi wa kukimaliza. Majaribio mengi yanarudiwa hadi upite. Malipo ni ya kila mwezi, kwa hiyo mtu ana haraka ya kumaliza kabla kadi haijakatwa tena, na haraka hiyo ni adui wa COBOL. Kama fedha ni shida, tazama kwenye ukurasa wa kozi kama kuna sehemu ya kuomba msaada wa ada. Unajaza maelezo na kusubiri majibu. Na kama uko Dar au Mombasa unategemea bando, video ndizo zitakazokumaliza. Kozi ya GitHub ni maandishi, na kazi ya Z Xplore ni kutuma jobu ndogondogo.

Marist ni jambo jingine kabisa. Iko Poughkeepsie, jimbo la New York, mji ambao IBM imekuwa ikijenga meinifremu kwa miongo mingi, na uhusiano wa chuo hicho na kampuni hiyo ni wa muda mrefu. Wanatoa mafunzo ya z/OS na ya COBOL kwa njia ya mtandao, kwa wanafunzi wasio wa shahada. Kuna mwalimu, kuna tarehe za mwisho, kuna alama. Jina lao linajulikana ndani ya fani kuliko nje yake.

Nani alipe? Nionavyo mimi, aliyeko Marekani ambaye mwajiri wake ana mfuko wa kuwasomesha wafanyakazi. Kwa anayelipa mwenyewe kutoka Afrika Mashariki, fedha ileile ingekununulia laptopu nzuri, intaneti ya mwaka na mitihani miwili, ukabaki na chenji. Siwezi kuipendekeza kwake.

## Zinazoweza kusubiri

Mitihani rasmi ya IBM hufanywa kupitia Pearson VUE, wenye vituo hata Dar es Salaam na Nairobi, na ndiyo maana wengi wetu hukimbilia huko kwanza: ni kitu tunachokijua, unalipa, unakaa, unafaulu au unafeli. Lakini kwa upande wa meinifremu, mitihani inayomgusa programa imekuwa zaidi ya Db2 for z/OS, nayo inauliza mambo ambayo mtu ambaye hajakaa na hifadhidata ya kazini anayakariri tu. Isubirishe hadi uwe kazini, na ikibidi alipe mwajiri.

Interskill hutoa mafunzo mazuri ya meinifremu na beji, lakini kwa kawaida huwauzia makampuni. Ukiajiriwa mahali penye usajili wao, tumia. Broadcom nao, wenye Endevor na zana nyingine nyingi utakazokutana nazo kazini, wana mafunzo kwa wateja wao na programu ya kuajiri na kulea wapya kwa ajili ya wateja hao. Anayeishi Marekani na anayo haki ya kufanya kazi aitazame hiyo ya pili kwa makini, maana iko karibu zaidi na uanagenzi kuliko kozi.

## Uanagenzi, ukiupata

Kama unaishi Marekani na una kibali, hapa ndipo mjadala wa vyeti unapokosa nguvu. IBM ilianzisha uanagenzi wake uliosajiliwa na Wizara ya Kazi ya Marekani mwaka 2017, na meinifremu imo miongoni mwa fani zake. Uanagenzi uliosajiliwa wa kuhesabu muda huwa na angalau saa 2,000 za kazi, na saa 144 za masomo kwa mwaka ndizo zinazopendekezwa. Unalipwa tangu siku ya kwanza, unakaa na mtu aliyeishika programu hiyo miaka 25, na shahada ya chuo si sharti.

Wapo Waswahili wenzetu waliofika kwa Green Card au kwa kupokewa kama wakimbizi kutoka Kongo, wanaofanya kazi za maghala na za kulea wazee Ohio, Texas au Minnesota huku wakiwa na diploma ya kompyuta ya nyumbani ambayo hakuna anayeitambua. Kwa watu hao naona mlango huu uko wazi kuliko ule wa programu za wavuti, ambako wanagombana na wahitimu wa kila chuo nchini humo. Meinifremu haina foleni hiyo. Vijana wengi wa huko hawaijui, na wanaoijua wanaiona ya wazee.

Hata hivyo uanagenzi haupewi mtu mikono mitupu. Beji ya Concepts na hazina ya GitHub yenye programu nne au tano za COBOL ulizoandika wewe ndizo zitakazoonyesha kwamba hukuomba kwa kubahatisha. Nafasi za serikali kuu ziangalie kwa tahadhari. Nyingi zinataka uraia. Serikali za majimbo na makampuni ya bima hayana sharti hilo kwa kiwango hichohicho.

## Na aliyeko nyumbani?

Tuseme ukweli. Benki nyingi za Tanzania na Kenya huendesha mifumo kama Flexcube, Finacle au T24 juu ya seva za kawaida, si juu ya z/OS. Tanzania hata ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, kwa hiyo kile kizazi cha maprograma wa meinifremu ambacho kingekufundisha hakikukua kwetu kama kilivyokua India au Brazili. Ukipata beji zote leo, Posta ya Dar au Upper Hill ya Nairobi hakuna foleni ya waajiri wanaozisubiri.

Kazi ziko wapi basi? Afrika Kusini kwenye benki kubwa; India, ambako makampuni ya huduma za teknolojia yanahudumia wateja wa Marekani; Ulaya, hasa benki na bima. Kufanya kwa mbali kutoka Arusha kunawezekana kinadharia, lakini mwenye mashine iliyobeba akaunti za wateja milioni kadhaa ni mgumu sana kumpa mgeni ufunguo kutoka nje ya nchi yake. Mtu anayekuuzia kozi kwa ahadi ya kulipwa dola ukiwa sebuleni, mwombe akuonyeshe tangazo moja la kazi lililo hai.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa aliyeko nyumbani ni kutolipa chochote mwanzoni. Fanya Z Xplore jioni, uone kama roho yako inaipenda kazi hii. Ukiona inakuvuta, ingia COBOL. Ujuzi wa kusoma msimbo wa zamani na wa mafaili ya bechi haupotei hata ukiishia kuajiriwa kwenye T24, ambayo nayo ina programu nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya jamii ya BASIC, zenye nyuga, rekodi na kazi za kufunga siku zinazofanana mno kimawazo na hizi.

Ya mazoezi bila intaneti yapo mawili. GnuCOBOL inasakinika kwenye Linux au Windows, bure, na inatosha kabisa kwa kujifunza lugha. Haikupi JCL wala CICS. Nyingine ni kiigizaji cha Hercules pamoja na MVS 3.8j, mfumo wa zama za kabla ya z/OS unaosambazwa bila malipo. Ni burudani, na utajifunza JCL ya kweli. Ila kompaila ya COBOL iliyomo ni ya kizamani mno: haina `END-IF`, haina `EVALUATE`. Ukijifunzia humo pekee utaandika kama mtu wa mwaka 1972, na msaili atajiuliza umetokea wapi.

## Akili mnemba imeua hesabu hii?

Swali hili linakuja kila mahali. Agosti 2023 IBM ilitangaza watsonx Code Assistant for Z, inayosaidia kueleza COBOL na kuigeuza kuwa Java. Zana za aina hii zitapunguza kazi ya kuandika, sina shaka. Lakini tazama tena ule mfano wa S0C7: tatizo halikuwa kuandika `ADD`. Lilikuwa kujua data iliyoharibika iliingia wapi, ni mafaili mangapi mengine yameiokota, na nani apigiwe simu saa nane usiku. Hata anayehamisha mfumo kwenda Java anahitaji mtu wa kuthibitisha kwamba senti zinalingana pande zote mbili. Kwa maoni yangu hili linaipa uzito zaidi njia ya kufanya kwa mikono, na linaipunguzia thamani ile ya kukariri sintaksia kwa ajili ya jaribio la kuchagua majibu.

## Ukiziandika kwenye CV

Usizipange beji kumi mstari mmoja. Weka mbili zenye viungo vya Credly, kisha sentensi za ulichofanya: umeandika programu inayosoma VSAM KSDS (faili lenye ufunguo) na kuandika ripoti, umeshughulikia msimbo wa hali 23 na 35 (rekodi au faili halikupatikana), umepachika SQL na kutenganisha SQLCODE +100 na -811 (hakuna safu, au zimerudi zaidi ya moja). Msaili anayejua kazi ataisoma sentensi hiyo mara mbili. Kama hujawahi kugusa CICS, sema wazi, lakini ujue angalau maana ya programu kuachia rasilimali kwa `EXEC CICS RETURN TRANSID` wakati mteja bado anaitazama skrini, kwa sababu CICS ndiyo inayokosekana zaidi kwenye njia za bure, na wasaili wanajua hivyo.

Wengine hukupa karatasi yenye JCL ya hatua tatu na kukuuliza tu ipi itaendeshwa kama ya kwanza imerudisha 8. Ukiona `COND`, isome polepole.